Nani Alishika Kalamu?

Faili la kompyuta huwa halimsahau aliyelianzisha. Litume kwa barua pepe, lipite ofisi tano, libadilishwe jalada na nembo mara tatu. Bado ndani yake, mahali pasipoonekana kwenye karatasi iliyochapwa, linaweza kubaki jina la mtu aliyeandika herufi ya kwanza. Watafiti wawili wa Norway, Øystein Bakke na Dag Endal, walikuwa wakichunguza rasimu za sera ya taifa ya pombe kutoka Lesotho, Malawi, Uganda na Botswana. Kila rasimu ilibeba jina la nchi yake na kuzungumza kwa sauti ya serikali yake. Walipozilaza nne zote mezani, sambamba, wakaona muundo ni mmoja, na sentensi baada ya sentensi ni zile zile. Walipochungulia sifa za faili, wakakuta jina la mtumishi wa SABMiller, ambayo wakati huo ilikuwa miongoni mwa kampuni kubwa kabisa za bia duniani.

Matokeo ya uchunguzi wao yalichapishwa mwaka 2010 katika jarida la Addiction. Rasimu zilikuwa zimezaliwa katika warsha zilizofadhiliwa na SABMiller pamoja na kituo cha Washington kilichoitwa International Center for Alcohol Policies, ambacho nacho kiliendeshwa kwa fedha za kampuni za vileo. Nimeisoma makala hiyo mara nyingi. Lile jina ndani ya faili linasisimua, lakini kinachonikosesha usingizi ni maneno yenyewe ya rasimu. Yaliwaweka wenye viwanda vya pombe kuwa mshirika mkuu katika kutunga sera na katika kuitekeleza, ngazi kwa ngazi. Ushahidi wa kisayansi ulichaguliwa: uliomfaa muuzaji ukaingia, mwingine ukaachwa nje. Mapendekezo ya Shirika la Afya Duniani yakawekwa kando.

Kilichoachwa nje ndicho kiini cha sayansi yote ya kuzuia madhara ya pombe. Kwa miaka mingi watafiti wamepima ni hatua zipi hupunguza majeruhi, magonjwa na vifo, na majibu yamekuwa yakirudi kwenye mambo yale yale: bei ya kileo, urahisi wa kukipata na wingi wa matangazo yake. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilitoa mpango wa hatua tano, na tatu kati yake ni hizo hizo. Mbili nyingine ni kuwabana madereva waliokunywa na kuwapatia wanywaji ushauri na tiba. Kampeni za kuwaelimisha watu hazimo katika tano hizo. Elimu haina ubaya wowote, ila inapopimwa peke yake hubadilisha ufahamu wa watu kuliko inavyobadilisha idadi ya chupa wanazonunua. Sasa uliza ni hatua ipi kampuni za pombe huipenda zaidi na kuigharimia kwa moyo mkunjufu. Ni elimu.

Hapa kwetu Tanzania kila tangazo la bia humalizikia kwa maneno mawili: kunywa kistaarabu. Yanasemwa harakaharaka redioni, yanaandikwa kwa herufi ndogo chini ya bango. Ni maneno mazuri, na hakuna mzazi atakayeyakataa. Lakini yatazame yanapoelekeza kidole. Ikiwa tatizo ni ustaarabu, basi kosa ni la mnywaji, la malezi yake na tabia yake. Chupa haina kosa. Bei haina kosa, wala saa za kufungua baa, wala jezi ya timu yenye nembo ya bia kifuani mwa kijana wa miaka kumi na minne. Mnywaji akianguka mtaroni, alikosa ustaarabu, tumemaliza.

Tuchukulie basi kwamba wote wametii na kila mnywaji amekuwa mstaarabu kweli. Watafiti wa Uingereza walifanya hesabu hiyo na kuichapisha mwaka 2018. Walikuta kwamba nchini England asilimia 68 ya mapato ya mauzo ya pombe yalitoka kwa watu wanaokunywa kupita kiwango kilichoshauriwa na madaktari wakuu wa nchi. Kama watu hao wote wangerudi ndani ya kiwango, mapato yangeshuka kwa asilimia 38, yaani pauni bilioni 13. Nimezirudia namba hizi mara kadhaa ili nizielewe vizuri. Biashara inayowahimiza wateja wake wanywe kidogo ingepoteza zaidi ya theluthi ya mapato yake kama wangeusikiliza wito huo. Tajiri anajua kusoma hesabu zake, na kwa sababu hiyo naona ni haki kabisa kuuliza wito huo ulitungwa ili usikilizwe na nani.

Sina chuki na pombe kama kitu cha watu. Nimekulia karibu na mbege, na najua kazi yake: ndizi mbivu zinachemshwa, ulezi unachipuzwa na kusagwa, gome la msesewe linatia uchungu, siku zinahesabiwa, kisha wazee wanakaa na kibuyu kinazunguka kwa utaratibu wa umri. Mbege ina mipaka ndani yake yenyewe. Nguvu yake ni ndogo, kazi ya kuitengeneza ni kubwa, na baada ya siku chache inachacha hainyweki tena. Huwezi kuiweka mfukoni ukapanda nayo pikipiki. Ulanzi wa Iringa uko hivyo hivyo, na tembo la mnazi la pwani pia. Sisemi kwamba enzi hizo hapakuwa na walevi; walikuwapo, na wake zao na watoto wao waliumia. Ninachosema ni kwamba kiwanda kiliondoa ile mipaka mmoja baada ya mwingine: kikaongeza nguvu, kikashusha bei, kikakifanya kinywaji kidumu miaka na kiingie mfukoni. Mipaka ambayo zamani iliwekwa na ndizi na siku za kuchacha, leo haina wa kuiweka isipokuwa sheria.

Ndani ya mwili, kileo ni kile kile, kiwe kimetoka kwenye kibuyu au kwenye chupa yenye lebo ya dhahabu. Ethanoli ni molekuli ndogo sana, inayochangamana na maji na kupenya mafuta, na kwa hiyo hakuna ukuta mwilini unaoizuia. Hupita kwenye kuta za tumbo na utumbo mwembamba, ikaingia damuni, ikafika ubongoni, na kwa mjamzito ikavuka kondo la nyuma hadi kwa mtoto. Kazi ya kuivunja huangukia zaidi ini. Kimeng'enya cha kwanza huigeuza kuwa asetaldehaidi. Cha pili huigeuza asetaldehaidi kuwa asetati, ambayo mwili unaweza kuitumia kama nishati. Balaa liko katikati ya safari. Asetaldehaidi ni sumu. Hujibandika kwenye vinasaba vya seli, huvikata, na huvuruga protini ambazo kazi yake ni kuvikarabati. Seli inayojigawa ikiwa na vinasaba vilivyoharibika ndiyo mlango wa saratani.

Wala si lazima ini lihusike. Bakteria wanaoishi kinywani nao huigeuza ethanoli kuwa asetaldehaidi, hivyo ulimi, koo na umio huoga sumu hiyo kabla tone halijafika tumboni. Moshi wa sigara huongeza madhara kwa kasi, na mtu anayevuta huku anakunywa anajiweka kwenye hatari kubwa kuliko jumla ya hatari mbili zikitengana. Kwa wanawake kuna njia nyingine: pombe hupandisha kiwango cha homoni ya estrojeni, na hatari ya saratani ya titi huongezeka hata kwa kiasi ambacho wengi hukiita kidogo. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliiweka pombe katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani, pamoja na tumbaku, mwaka 1988. Leo saratani zinazojulikana kuhusishwa nayo ni ya kinywa, koromeo, zoloto, umio, ini, utumbo mpana na titi. Waliosikia habari hiyo kwa mara ya kwanza hapa wasijilaumu. Tangu 1988 ni miaka mingi, na katika miaka hiyo yote ni lebo chache mno za chupa duniani zilizolitaja neno saratani.

Lilipotajwa, tuliona kilichotokea. Novemba 2017, katika jimbo la Yukon kaskazini mwa Canada, watafiti wakishirikiana na serikali ya jimbo walianza kubandika lebo za onyo kwenye vileo katika duka la serikali mjini Whitehorse. Lebo moja ilieleza kwamba pombe inaweza kusababisha saratani. Haukupita mwezi, kazi ikasimamishwa baada ya vyama vya wenye viwanda kulalamika na suala la kupelekwa mahakamani kuanza kutajwa. Mwaka uliofuata lebo zilirudi, lakini ile ya saratani haikurudi. Hakuna aliyeonyesha kwamba maneno yake yalikuwa ya uongo.

Afrika Mashariki ina sababu yake ya kulisikiliza jambo hili. Tuko ndani ya ukanda unaojulikana na madaktari kwa wingi wa saratani ya umio, ukanda unaoanzia Ethiopia, ukapita Bonde la Ufa la Kenya na Kilimanjaro, ukateremka hadi Malawi. Mgonjwa huja amechelewa, chakula kigumu hakipiti, kisha uji nao haupiti. Visababishi ni vingi na bado vinachunguzwa. Chai ya moto mno imo, tumbaku imo, na pombe imo. Ongeza kifua kikuu: mtu anayekunywa sana ana hatari ya kuugua takribani mara tatu ya asiyekunywa hivyo, kwa sababu kinga yake imedhoofika na kwa sababu kilabu chenye paa la chini na hewa isiyotembea ni mahali pazuri pa bakteria kuhama kutoka pafu hadi pafu.

Kwa dunia nzima, Shirika la Afya Duniani lilikadiria vifo milioni 2.6 vilivyotokana na pombe mwaka 2019. Karibu milioni 2 kati yake vilikuwa vya wanaume. Vifo 724,000 vilitokana na majeraha: ajali, ugomvi, kujiua. Kwa kila watu 100,000, kanda za Ulaya na Afrika ndizo zinazoongoza kwa vifo. Lililonishangaza ni kwamba Waafrika wengi hawanywi kabisa. Wanywaji wetu ni wachache, wakati Ulaya wanywaji ndio wengi. Halafu tunakaribiana kwa makaburi. Kwa hiyo lita moja ya kileo inaua zaidi hapa kuliko kule. Aliyegongwa barabarani akiwa amelewa hana gari la wagonjwa. Mwenye ini lililoharibika anagunduliwa mwishoni. Familia iliyompoteza mtafutaji haina akiba.

Wingi huo huo wa wasiokunywa ndio unaowavutia wawekezaji. Oktoba 2016 AB InBev ilikamilisha kuinunua SABMiller kwa zaidi ya dola bilioni 100, na Afrika, yenye vijana wengi na wanywaji wachache, ilikuwa moja ya sababu zilizotajwa waziwazi. Kwa ununuzi huo Tanzania Breweries nayo ikaingia chini ya mwamvuli wa AB InBev. Katika vitabu vya uwekezaji, kijana wa Kiafrika asiyekunywa anahesabiwa kuwa nafasi ya kukua.

Lakini si divai kidogo inafaa moyo? Swali hili huulizwa kila nikigusa mada hii, na linastahili jibu la kutosha. Kwa miongo kadhaa tafiti zilionyesha kwamba wanaokunywa kidogo wanapata maradhi ya moyo machache kuliko wasiokunywa kabisa. Mwaka 1988 daktari Gerald Shaper wa Uingereza aliuliza swali rahisi: hao wasiokunywa ni akina nani? Ndani ya kundi lao wamo waliokuwa wanywaji wakaacha kwa sababu wameugua. Ukiwalinganisha wagonjwa walioacha na watu wenye afya wanaoonja glasi moja jioni, glasi itaonekana dawa. Mwaka 2023 Jinhui Zhao, Tim Stockwell na wenzao walichapisha uchambuzi wa tafiti 107 zilizohusisha watu zaidi ya milioni 4.8. Walipozingatia makosa ya namna hiyo, faida ya kunywa kidogo katika kurefusha maisha haikuonekana tena. Huko China watafiti walitumia njia nyingine. Waliangalia vinasaba vinavyowafanya watu wengi wa Asia Mashariki wasiivumilie pombe tangu kuzaliwa, vinasaba ambavyo mtu hachagui kama anavyochagua kuacha kunywa. Mwaka 2019 wakatoa jibu: kwa kiharusi hakuna kinga yoyote ya kunywa kidogo, kadiri pombe inavyoongezeka, hatari nayo inapanda.

Ndani ya mjadala huo huo kuna kisa cha Marekani ambacho kila mhariri wa afya angepaswa kukijua. Taasisi za taifa za afya za nchi hiyo zilipanga jaribio kubwa la dola milioni 100: watu 7,800 wenye hatari ya maradhi ya moyo wagawanywe kwa kura, nusu wanywe kinywaji kimoja kila siku, nusu wasinywe, kisha wafuatiliwe kwa takriban miaka 6. Sehemu kubwa ya fedha iliahidiwa na Anheuser-Busch InBev, Heineken, Diageo, Pernod Ricard na Carlsberg. Mwaka 2018 gazeti la New York Times likafichua kwamba watumishi wa taasisi hizo za umma pamoja na watafiti walikwenda kuziomba kampuni hizo fedha, na katika mazungumzo waliwapa matumaini kuhusu matokeo. Uchunguzi wa ndani ulifuata, na Juni 2018 mkurugenzi wa taasisi hizo, Francis Collins, akalifunga jaribio likiwa limeandikisha watu 105 tu. Jaribio hilo lingeweza kuona faida ya moyo kama ipo, lakini muda wake ulikuwa mfupi mno kuiona saratani, ambayo huchukua miaka mingi kujitokeza. Muuzaji hakuhitaji kughushi takwimu hata moja. Swali lenyewe lilikuwa limeumbwa kwa namna ya kumpa jibu zuri.

Tugeukie nchi iliyochukua njia ya bei. Scotland ilikuwa na vifo vingi zaidi vya pombe kuliko majirani zake, na madaktari walijua kwamba wanaokunywa kwa kiasi cha kuua hununua kile cha bei ya chini kabisa: sharubati kali za tofaa zilizochachuliwa, vodka za rafu ya chini. Mwaka 2012 bunge lake lilipitisha sheria ya bei ya chini kwa kila kipimo cha kileo. Chama cha watengenezaji wa wiski, Scotch Whisky Association, kikaenda mahakamani. Kesi ikapanda Edinburgh, ikaenda Luxembourg, ikarudi, ikafika Mahakama ya Juu ya Uingereza, ambayo Novemba 2017 iliipa serikali ushindi. Sheria ikaanza tarehe 1 Mei 2018, miaka 6 baada ya kupitishwa: peni 50 kwa kila mililita 10 za kileo halisi. Ukiuza chini ya hapo, umevunja sheria.

Watafiti waliilinganisha Scotland na England, ambayo haikuwa na sheria hiyo, hadi mwisho wa 2020. Vifo vilivyosababishwa na pombe peke yake vilikuwa pungufu kwa asilimia 13.4 kuliko vingekuwa bila sheria, wastani wa watu 156 kila mwaka, na nafuu kubwa zaidi ilikuwa katika mitaa ya maskini. Korona ilipokuja, vifo vilipanda tena pande zote mbili, na bei haikutosha kuuzuia upepo huo. Mwaka 2024 Scotland ikaipandisha hadi peni 65. Huwa nawafikiria wale watu 156. Hakuna hata mmoja anayejua kwamba yeye ni mmojawapo. Nawafikiria pia wa miaka ile ambayo sheria ilikuwa imekwama mahakamani.

Tanzania ilifanya jaribio lake bila kuliita jaribio. Wanaokumbuka miaka ya viroba wanakumbuka mifuko ile midogo ya plastiki ilivyotapakaa kwenye vituo vya daladala, vijiwe vya bodaboda, na nyuma ya kuta za shule. Tufanye hesabu. Mfuko wa mililita 100 wa kinywaji cha asilimia 40 una gramu zipatazo 32 za kileo halisi. Chupa ya bia ya nusu lita yenye asilimia 5 ina gramu zipatazo 20. Yaani kitu kinachofichika kiganjani kilibeba nguvu ya zaidi ya chupa moja na nusu ya bia, kwa pesa ya kubahatisha mfukoni, na kilimalizika kwa mikupuo miwili mitatu taa za barabarani zikiwa bado nyekundu. Ufungaji ule ulikuwa sera ya bei kwa upande wa muuzaji: uliikata pombe kali vipande vidogo hadi ikamtosha mbeba mizigo wa siku na mwanafunzi mwenye nauli. Februari 2017 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alitangaza kwamba ifikapo tarehe 1 Machi viroba visionekane sokoni, na kanuni ikatolewa chini ya sheria ya mazingira. Ni jambo la kufikirisha kwamba njia iliyopatikana ilikuwa ya kuzuia plastiki. Sheria yetu ya vileo ni ya mwaka 1968, na haikuandikwa kwa ajili ya mfuko wa mililita 100. Kenya ilikuwa imevikataza vifuko hivyo tangu 2004, na Uganda ikafuata mwaka 2019.

Wenye viwanda wana hoja moja ambayo siipuuzi. Wanasema: ukipandisha bei ya pombe halali, maskini atakimbilia gongo, chang'aa na kill-me-quick, na atakufa. Mei 2014 Wakenya kadhaa wa kadhaa walikufa katika kaunti za kati na mashariki kwa kunywa kileo chenye methanoli, na wengine wakapofuka. Methanoli inafanana na ethanoli kwa sura na harufu, lakini vimeng'enya vile vile vya ini huigeuza kuwa asidi fomiki, inayokaba seli zisitumie oksijeni, na mishipa ya macho huwa ya kwanza kufa. Msiba huo ni wa kweli.

Kenya ilikuwa imejaribu dawa iliyopendekezwa na hoja hiyo. Mwaka 2004 East African Breweries ilileta Senator Keg, bia ya pipa iliyosamehewa ushuru ili iwe na bei ya kushindana na chang'aa. Mwaka 2013 serikali ikapunguza msamaha, bei ikaruka, mauzo yakaporomoka. Mwaka 2015 msamaha ukarudishwa. Kila upande hukitumia kisa hiki kwa ajili yake. Mimi nakisoma hivi: bei ina nguvu kubwa kwa maskini kuliko kwa mtu mwingine yeyote, kama Scotland ilivyoonyesha. Na methanoli haitoki kwenye ushuru. Hutoka kwenye mapipa ya viwandani yasiyofuatiliwa, na kwa mchuuzi anayejua kwamba askari atachukua chake na kuondoka. Tiba yake ni kuyafuatilia mapipa. Kuipunguzia bei bia ya nchi nzima kwa jina la wale waliouawa na methanoli ni kuwatumia marehemu kwa kazi ambayo hawakuagiza.

Nguvu ya kampuni hizi inakaa hazina, na tuseme hivyo bila kumung'unya maneno. Zinalipa kodi nyingi, tena kwa wakati; zinanunua shayiri na mtama wa wakulima; zinaajiri. Waziri wa fedha anaona fedha hizo kila mwezi. Gharama hazimfikii kwa mwezi. Zinafika wodini, mahakama ya ndoa, kituo cha polisi na shamba lisilolimwa, na hakuna daftari moja linalozijumlisha.

Hospitali ya KCMC, Moshi, imekuwa ikiyaandika baadhi ya hayo. Watafiti wake wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Duke cha Marekani wamekuwa wakiwapima majeruhi wanaoletwa idara ya dharura, na wakaona jinsi wengi wao walivyoumia wakiwa wamekunywa. Wakatengeneza tiba ndogo inayoitwa Punguza Pombe Kwa Afya Yako. Muuguzi anakaa na majeruhi akiwa bado kitandani, anamuuliza bila kumkaripia anakunywa kiasi gani, anamsaidia kulihusisha jeraha na chupa, kisha anamwachia yeye mwenyewe aseme yuko tayari kubadili nini. Hakuna mahubiri. Nimependa sana kwamba wametumia neno punguza, ambalo mzee wa Kichaga anaweza kulikubali bila kuvunjiwa heshima, na kwamba muuguzi ndiye anayepewa kazi hiyo, si bango.

Lakini muuguzi huyo anafanya kazi mtu akishaumia. Majeruhi akitoka getini anakutana tena na bei ile ile, baa iliyo wazi asubuhi na mabango njia nzima hadi nyumbani. Hayo yanaamuliwa kwenye karatasi za sera, katika kumbi za hoteli ambamo walioalikwa huitwa wadau. Mwaka 2013 Margaret Chan, aliyekuwa Mkurugenzi Mkuu wa Shirika la Afya Duniani, aliandika katika jarida la kitabibu la Uingereza kwamba wenye viwanda vya pombe hawana nafasi katika kutunga sera za pombe. Hakusema wasisikilizwe. Alisema wasishike kalamu.

Malawi, moja ya zile nchi nne, iliirudia kazi yake. Watumishi wa serikali na vyama vya kiraia waliandika rasimu nyingine, ikachukua miaka, na sera ya taifa ya pombe ikapitishwa mwaka 2017. Nako Botswana, Novemba 2008, Rais Ian Khama alikuwa ameweka tozo ya asilimia 30 juu ya vileo, jambo ambalo faili la SABMiller lisingemshauri.

Tangu niisome kazi ya Bakke na Endal, nimejizoesha namna moja ya kusoma rasimu yoyote ya sera ya pombe inayonifikia. Siendi kwenye dibaji. Naanza kwa kutafuta neno kodi limetajwa mara ngapi, kisha bei, kisha matangazo, kisha saa za kuuza. Halafu nahesabu uwajibikaji, elimu, ushirikiano na wadau. Nafungua orodha ya walioshiriki warsha na kuangalia ni nani aliyelipia ukumbi. Mwisho nabofya sifa za faili, nasoma jina la mwandishi.